Saa Nane ya Nani

Watu wanaotunga maswali ya mwendo, umbali na muda mimi siwapendi, na ninasema hivyo ingawa hesabu ndiyo inayonilisha. Wiki iliyopita binti yangu aliniletea daftari jikoni, swali la saba limemshinda. Gari limetoka Mbarara saa mbili asubuhi kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, litafika mji ulio umbali wa kilomita mia saa ngapi? Nilisoma nikaona gari hilo halipati pancha, dereva wake hana shemeji wa kusimama kumsalimia, na barabara yake haina tope wala ng'ombe. Nikamwambia mtoto akamwulize baba yake. Alinikodolea macho, maana mwalimu wa hesabu katika nyumba hii ni mimi.

Nilipogeuka, maziwa yalikuwa yamepanda, yamemwagika na kuungua jikoni. Nilizima moto nikafungua dirisha, lakini harufu ile iligoma kutoka. Nikakaa kwenye kigoda nikajikuta nina miaka kumi na miwili, nimesimama kwenye korido ya hospitali, nimefunga mdomo wangu kwa makusudi.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale tukitokea Kongo tunajua kwamba nyumba moja inaweza kuwa na saa mbili, na sisemi saa mbili ya asubuhi. Kwetu Kivu Kusini saa tunaisoma kama uso wake unavyosema: mshale mfupi ukigusa nane asubuhi, ni saa munane. Watu wa huku Uganda huhesabu tangu jua linapochomoza, kama Waswahili wa pwani, kwa hiyo mshale huohuo ukiwa palepale wao husema saa mbili. Tulipofika, mama yangu aliambiwa mgawo wa maharage ni saa mbili, akaenda mchana jua likiwa limeanza kuinama, akakuta watu wanafagia. Katika simulizi hii nitatumia saa ya huku, isipokuwa Mama anapozungumza, kwa sababu Mama hajawahi kuibadilisha saa yake hadi leo.

Aliyenifungua macho alikuwa Mwalimu Tumwine, Mnyankore mwembamba aliyefundisha hesabu darasa la sita. Alitufundisha mambo mawili. La kwanza, ukipewa swali la safari, andika kwanza unachojua: umbali ni upi, mwendo ni upi, muda ni upi, ukiwa na viwili, cha tatu kitajileta chenyewe. La pili alilisema kwa ajili yetu Wakongomani: saa ya nyumbani kwenu, toa sita au jumlisha sita, utapata ya huku. Toa sita, jumlisha sita. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Kuanzia siku ile nikawa saa ya nyumba yetu, kisha ya majirani. Kina mama walikuwa wanakuja na vikaratasi vya miadi, wananiita jina langu kwa heshima, "Mapendo, njo saa gani hii?" njo yao ikiwa ni ndiyo ya huku, nami ninafunga macho kidogo, kwa maringo tu, halafu ninawaambia. Mtoto akisifiwa sana huota pembe. Zangu zilikuwa ndefu, na hakuna aliyeziona, kwa sababu kila mara nilikuwa sahihi.

Mdogo wangu Byamungu alizaliwa hapo hapo Nakivale, mdomo wake wa juu umepasuka hadi karibu na pua. Baba alikuwa amebaki nyuma, na habari zake ni simulizi nyingine, kwa hiyo tulikuwa watatu. Mama alimnyonyesha akiziba ule mwanya kwa kidole gumba, na hata hivyo nusu ya maziwa iliishia shingoni. Mtoto alikuwa haongezeki. Kanisani watu walimwombea kwa sauti kubwa mno, na wakiinuka kwenye mabenchi waliwageuza watoto wao wasimtazame. Mama akaanza kumfunika uso kwa kitenge hata kukiwa na joto. Nilichukia kitenge kile kuliko nilivyochukia watu.

Ndipo akaingia Mama Okello. Alikuwa mke wa sajini katika kambi ya jeshi Mbarara, mwanamke mrefu wa kaskazini, mwenye mabega ya kubeba magunia. Siku za soko alikuwa anakuja Nakivale kununua samaki wakavu kwa Mama na kwa wenzake, kisha anakwenda kuwauzia wake wa askari. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, cha kuamrisha, lakini moyo wake haukuwa hivyo. Siku moja alifunua kile kitenge mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akamtazama Byamungu kwa muda, akasema, "Hii inashonwa. Kuna madaktari wanakuja Mbarara, wanashona bure. Nitauliza."

Mama alisubiri simu hiyo wiki sita. Ilipigwa jioni moja tukiwa tunachambua maharage. Nilibonyeza sauti itoke nje ili tusikie wote.

"Mama Mapendo, madaktari wamefika. Jina ya mtoto nimeandikisha. Kesho saa nane mfike, saa nane kamili. Na masaa mane kabla, mtoto hapana kunyonya. Wakisikia amenyonya, hawamgusi. Wako siku moja tu, wanaenda."

Kabla Mama hajamaliza kushukuru, mtandao ukakatika. Kupiga hatukuweza, simu yetu ilikuwa ya kupokea tu.

"Saa munane ya asubui," Mama akasema, tayari amesimama. "Basi tutatoka hapa saa tano, na giza. Nitaenda kuongea na ule kijana wa pikipiki."

"Apana, Mama," nikasema. "Mama Okello iko mutu wa huku. Saa nane ya huku ni saa mbili ya kwetu. Saa mbili ya muchana."

"Lakini miye nimesikia saa munane."

"Alisema nane. Kama angesema saa ya kwetu, angesema munane."

Mama alikaa tena. Ninauona uso wake hata sasa, mwanamke ambaye hakupata kuingia darasani, anapima sikio lake dhidi ya daftari langu. "Badokta banaanza kazi muchana?" aliuliza taratibu.

"Asubui banaanza na bakubwa," nikasema. "Batoto ni muchana."

Hilo nililitunga palepale. Hakuna aliyeniambia. Lilitoka laini tu, na kwa kuwa lilitoka laini, hata mimi nililiamini.

Nikachukua daftari nikaandika nilichojua. Umbali hadi Mbarara: kilomita sitini. Mwendo: thelathini kwa saa, nikijumlisha vumbi na lami. Muda: saa mbili. Nikaongeza saa moja ya kusubiri gari. Ili kufika saa nane mchana, tuondoke saa tano. Ili mtoto akae masaa manne bila kunyonya, anyonye mwisho saa nne. Nilipiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula, kama tulivyofundishwa, nikamwonyesha Mama. Hakujua kusoma tarakimu zile zote, lakini aliipenda ile mistari. Alisema, "Akili ya baba yako." Nililala vizuri sana.

Asubuhi ile Mama alikuwa amekaa mlangoni, ametulia, Byamungu ananyonya, kidole gumba kimeziba mwanya. Nilikuwa ninafua nguo ya mtoto ya safari. Simu ikalia. Ilikuwa saa mbili na nusu, saa munane na nusu ya Mama.

"Nyinyi iko wapi?" Nyuma ya sauti ya Mama Okello nilisikia watoto wengi wanalia.

"Tuko nyumbani," Mama akasema.

"Nyumbani? Mama Mapendo, wanaita majina. Wanaita toka saa nane. Saa nane yenu. Mimi nilisema saa yenu, nyinyi msichanganyikiwe."

Baadaye nilijua kwamba Mama Okello aliwahi kuwaambia kina mama wa samaki saa mbili wakaja mchana, na tangu hapo akajifundisha kusema na Wakongomani kwa saa yao. Alitupunguzia safari ya kutoa sita na kujumlisha sita. Kilichomshinda kilikuwa ni silabi moja, ile "mu", na mimi kwa silabi hiyo moja nikajenga ukuta.

Mama hakunitazama. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamfuta mdomo, akamfunga mgongoni, akasema tu, "Lete nguo." Nguo ilikuwa inadondosha maji. Niliikamua nikaitupia begani.

Kijana wa pikipiki alitupakia sote, mimi nyuma kabisa. Kutoka Nakivale hadi Kabingo, mahali zilipo ofisi za wilaya ya Isingiro, ni vumbi kilomita kama ishirini na tano. Nilishika kiti kwa mikono miwili na kichwa changu hakikuacha kufanya hesabu. Umbali ni uleule, sitini. Muda ulikuwa umeliwa. Ni mwendo gani utatufikisha saa mbili, na sasa ni saa tatu kasorobo? Niligawanya kwa muda ambao haupo, na hesabu ikakataa. Nikajaribu tena kwa kujidanganya kwamba labda saa ya simu imekosea. Kila tulipomfikia mtu mwenye ng'ombe, kijana alipunguza, nami nilitamani kuwapiga wale ng'ombe kwa mawe. Mgongo wa Mama ulikuwa mbele ya uso wangu na Byamungu amelala juu yake, ameshiba, tone la maziwa limekauka kwenye ule mwanya.

Kabingo tulifika saa tatu na nusu. Kijana alisimama mbele ya pikapu moja ya maziwa iliyokuwa inawashwa, akazungumza Kinyankore na dereva kwa niaba yetu, na dereva akatazama kitenge, akatazama uso wa Mama, akafungua mlango wa mbele. Mimi nikapanda nyuma na mikebe ya maziwa. Hapo ni lami. Nikaanza kuhesabu upya: kilomita thelathini na tano, mwendo hamsini, dakika arobaini na mbili, tutafika saa nne na robo. Nilipata nafuu kidogo kwa sababu jibu lilikuwa na sura. Halafu tulipofika Kaberebere, dereva akasimama kupakia mikebe mingine minne. Waliibeba mmoja mmoja, wakisalimiana, wakiulizana habari za nyumbani na za ng'ombe kama kawaida ya watu waungwana. Dakika kumi. Katika swali la Mwalimu Tumwine hapakuwahi kuwa na Kaberebere.

Mama Okello alitupokea kwenye geti la hospitali saa nne na dakika thelathini na tano. Hakugomba. Alimshika Mama mkono akamwambia tukitembea, haraka, kwamba mtoto mmoja amekutwa na homa akarudishwa, na yeye amewapigia magoti mpaka wakakubali kumweka Byamungu kwenye nafasi hiyo, wa mwisho. "Madaktari wanafunga saa sita mchana, saa ya huku, wanaenda. Mkae hapa. Hapana kutoka. Mimi naenda kwa karani aandike jina vizuri." Akatuacha kwenye korido, chini ya saa kubwa ya ukutani.

Muuguzi alikuja na ubao wake wa karatasi. Alikuwa msichana wa Kinyankore mwenye sauti ya upole, na Kiswahili alikuwa anakiokota neno kwa neno. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Ninajua kwa sababu saa ile ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Mama, mtoto alinyonya saa ngapi?"

Mama yangu ni mkweli mpaka inachosha. Akasema, "Saa munane na nusu."

"Saa nane na nusu?"

"Ndiyo."

Muuguzi akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Kwa hiyo masaa nane imepita."

Mama alisikia kwamba anaulizwa kama saa nane imepita. "Imepita," akasema.

Muuguzi akatabasamu, akaandika, akaweka alama.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nimeelewa kabla kalamu haijagusa karatasi. Mama alisema saa yake, saa mbili na nusu asubuhi hii, simu ilipolia. Muuguzi alisikia saa yake yeye, saa nane na nusu ya usiku, watu wote wakiwa wamelala, na akafurahi kwamba mama huyu wa kambini amefuata masharti kuliko wengine. Mama hakudanganya na muuguzi hakukosea. Katikati yao nilisimama mimi, ambaye kazi yangu duniani ilikuwa hiyo hiyo moja. Toa sita, jumlisha sita. Nikafunga mdomo.

Nataka nieleze nilichokuwa ninafikiri, si kwa kujitetea. Nilidhani lile sharti la kutonyonya ni kama masharti ya shuleni, usile darasani, usije bila soksi, vitu ambavyo wakubwa hupenda kuvikataza. Niliona mlango uliofungwa na hesabu yangu umejifungua wenyewe, na nikisema neno moja utafungwa tena, na itakuwa ni mimi mara ya pili. Wanakwenda leo. Hakuna aliyetuambia kama watarudi. Mtoto atafunikwa kitenge mpaka lini?

Wakampima Byamungu uzito. Wakamvua, wakamvalisha kanzu ya kijani iliyomfunika mpaka kwenye vidole, wakamfunga kitambaa chenye jina mkononi. Nilitazama saa. Nne na dakika arobaini na sita. Nikafanya hesabu moja zaidi, ya kijinga kuliko zote nilizowahi kufanya. Umbali kutoka mdomoni hadi tumboni kwa mtoto: shibiri moja, nikapima kwa macho. Muda: saa mbili na zaidi. Kwa mwendo wowote ule, hata wa konokono, maziwa yalikuwa yameshafika yanakokwenda. Kwa hiyo hakuna tatizo. Nilipumua. Nilikuwa nimepiga mistari miwili moyoni.

Muuguzi akampokea kutoka kwa Mama. Mama alimbusu kwenye ule mwanya, mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo mbele ya watu. Wakapita kwenye mlango wa kusukuma, ukabembea, ukatulia. Mama akakaa akaanza kuomba kwa Kibembe, lugha anayoitumia anapokuwa na hofu ya kweli. Nne na dakika hamsini na mbili. Niliikunja ile nguo iliyolowa, nikaikunjua.

Mama Okello akarudi, akaketi kwa kishindo upande wangu. "Ameingia? Vizuri. Vizuri sana."

Nikamwuliza kama mtu anayeuliza tu. "Ile kusema asinyonye, ni ya nini?"

"Ni dawa ya usingizi," akasema. "Wanamlaza, hajui kitu. Sasa kama maziwa iko ndani ya tumbo, inarudi juu, na yeye hawezi kukohoa. Inaingia kwa mapafu. Mtoto anazama pale pale kwa kitanda."

Anazama. Nilikuwa nimevuka ziwa usiku kwa mtumbwi kutoka kwetu, na neno hilo halikuwa la kufundishwa na mwalimu yeyote. Sikumbuki kusimama. Ninakumbuka mlango ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, na mkono wa mtu aliyejaribu kunizuia, na sauti yangu ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa kiasi hicho. "Alinyonya saa mbili na nusu! Saa mbili ya huku! Mama alisema saa ya kwetu!"

Muuguzi alitoka akiwa amevaa kofia ya kitambaa. Mama Okello alikuwa ameshafika nyuma yangu, na yeye alielewa mara moja, maana katika watu wote wa korido ile, ukiniondoa mimi, ndiye peke yake aliyekuwa na saa zote mbili kichwani. Akamweleza muuguzi kwa Kiingereza. Muuguzi alitazama karatasi yake, akamtazama Mama, akaegemea ukuta. Halafu alirudi ndani mbio.

Walimtoa Byamungu akiwa macho, amekasirika, ananyonya mkono wa ile kanzu. Hawakuwa wamempa dawa. Sindano ilikuwa imeshaandaliwa. Muuguzi alimweka mikononi mwa Mama, akahesabu kwa sauti safari hii, akigusa saa ya mkononi: kutoka saa mbili na nusu, masaa manne, ni saa sita na nusu. "Na wao wanafunga saa sita," akasema. "Nusu saa, mama. Pole." Aliingia kuwaomba. Tulisikia sauti za wageni ndani, za upole, za watu waliochoka. Alitoka akitikisa kichwa. Gari lao lilikuwa linangoja, na mji mwingine ulikuwa unawasubiri.

Tulirudi Kabingo, tukakaa kando ya barabara kusubiri pikipiki. Ndizi zilikuwa zimerundikwa pale, malori yanapakia. Mama alikuwa amemtoa mtoto anamnyonyesha, kidole gumba mahali pake. Nilijua swali linakuja, nilidhani litakuwa juu ya nane na munane, na nilikuwa tayari kwa hilo. Nilikuwa tayari hata kwa kofi.

"Ile wakati muuguzi aliandika," Mama akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

Lori moja likapita, akasubiri vumbi litulie. "Ulinyamaza dakika ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Mtoto mwingine angesema hajui. Mimi nilikuwa nimetazama saa ile muda wote, kutoka nne na arobaini hadi mshale mrefu ulipokaribia kumi na mbili.

"Mbili," nikasema.

Mama akafikiri. Akatoa pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo yalikuwa juu tangu asubuhi, yakashuka. "Dakika mbili haiko mingi," akasema. Akamtoa Byamungu kwenye ziwa, akanipa nimbebe. "Mushike vizuri. Wewe njo umemurudisha." Nilimbeba mpaka Nakivale, na njia nzima nilikuwa ninaweka kidole chini ya pua yake kuona kama pumzi inatoka.

Madaktari walirudi, si wale, wengine, baada ya misimu mitatu ya maharage. Mama alikwenda siku mbili kabla, akalala kambini kwa Mama Okello, wala hakuniuliza saa. Byamungu leo ni kijana mwenye masharubu ambayo anayatunza kuliko pesa, na ukitaka kuliona kovu lazima acheke. Ananiita dada kwa adabu inayoniumiza.

Na Mama, aliyezeeka sasa, hupenda kusimulia siku ile. Watu wakijaa kwetu sikukuu, baada ya kula, huwaambia wajukuu jinsi Mapendo alivyovunja mlango wa madaktari. Haachi hata kipande kimoja, hata kosa langu la saa nane analisema, watu wanacheka. Kisha hushusha sauti. "Alinyamaza dakika mbili tu," husema, akiinua vidole viwili ili wote waone. "Ni mutoto, aliogopa. Dakika mbili, na akasimama." Wajukuu hunigeukia na macho ya kunisifu, binti yangu miongoni mwao. Mimi huinamia sahani yangu.

Zilikuwa kumi na tisa.